Samahani Baba, Hapa Si Pako

Kikuyu, Dodoma
3 Juni 2024

Dada Mwamvua,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Kondoa haijakumaliza. Huku upepo wa mwezi huu unapenya hadi kwenye mifupa, na mimi ambaye mifupa yangu imefunikwa vizuri na kitambi bado nalalamika kuliko wote.

Umeagiza nikuandikie kwa karatasi kwa sababu simu yako inasomwa na wajukuu kabla hujaivalia miwani. Sawa, mwalimu. Nilipokuwa kijana pale shuleni Kondoa ulinifundisha kupanga daftari la maandalio, na leo nina miaka hamsini na mbili bado naogopa kalamu yako nyekundu. Bahasha hii nampa kondakta wa basi la asubuhi.

Kazi imekwisha. Wanachama wapya wa kikundi chetu cha kukusanya mila wakikuuliza hiyo wiki yetu ni kitu gani, waambie si juma la siku saba, ni daftari moja kubwa la mtandaoni: mwenye ruhusa anasoma, mwenye ruhusa anaandika. Kazi yangu yote ilikuwa kwenye hilo neno ruhusa. Nimewagawa watu mafungu matatu. Wageni ni yeyote duniani. Hao wanaona kupika mlenda, kuhifadhi uwele usiliwe na wadudu, na nyimbo za kubembeleza watoto. Wanachama wanaona hayo na wanaweza kuyahariri. Fungu la tatu nimeliita Jikoni: wanawake waliofundwa tu, wale ulionipa majina yao, akiwemo mke wangu Hana. Zile nyimbo za kumfunda mwali ulizorekodi kwa mama mkwe wangu, Bibi Anyesi, pamoja na maelezo ya maana zake, ziko Jikoni. Kwa mwingine hazitokei hata akitafuta.

Nimejaribu kufuli mwenyewe. Nimemtunga mwanamume wa bandia, jina lake Bwana Jaribio, nikamwingiza kama mwanachama, nikamwambia agonge mlango wa Jikoni. Kafukuzwa! Tangazo la kumfukuza nimeliandika kwa mkono wangu: "Samahani baba, hapa si pako. Rudi sebuleni." Nilicheka peke yangu ofisini chuoni mpaka wanafunzi wakachungulia.

Basi mwambie mama mkwe kwamba hakuna mwanamume atakayeona wala kusikia. Mimi siwezi kumwambia, unatujua Wagogo na wakwe zetu. Hata salamu naitoa nikiwa nimetazama upande wa mifugo. Tarehe kumi na tano tunakwenda kwake, nje kidogo ya Kibaigwa, kwenye harusi ya Emiliana, binti wa shemeji yangu Nikodemo. Tutakula kwa niaba yako.

Mdogo wako,
Lameck

*

Kondoa
7 Juni 2024

Ndugu yangu Lameck,

Marahaba. Barua imefika, imekunjwa vizuri, na nimehesabu makosa mawili tu. Umeendelea.

Nimempigia Bibi Anyesi nikamsomea maneno yako. Akaniuliza kitu kilichonipa kazi kidogo. "Mwanangu, na huyo anayefunga mlango, anaufunga akiwa ndani au akiwa nje?"

Nikamwambia, "Nje, mama."

"Unaapa?"

Nikaapa. Lameck, mimi ni mama mtu mzima, nimehiji, siapi ovyo. Ila nakufahamu tangu unavaa suruali ya tetroni yenye mikunjo ya pasi, ukiona akina mama wamekaa kivulini unazunguka nyuma ya madarasa usiwapite karibu. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufuli. Hata hivyo ahsante kwa kufuli.

Nikueleze ilivyonichukua kumpata. Mara ya kwanza alinipikia, akanipa kuku niondoke naye, wimbo hakunipa hata mmoja. Mara ya pili akaniambia mimi ni Mrangi, nyimbo zake zitanikaba kooni. Mara ya tatu nikamwimbia za kwetu. Akacheka mpaka akalala kwenye mkeka, ndipo akafungua kinywa. Alizonipa ni nusu tu. Zilizobaki amesema atazitoa baada ya harusi ya mjukuu, akishaona kwamba za kwanza zimekaa salama. Wenzake aliokuwa akiimba nao wamekwisha wote. Asipozitoa yeye, hakuna pa kuzipata.

Basi kuleni wali wa harusi, lakini kitambi hicho ukihurumie.

Dada yako,
Mwamvua

*

Kikuyu, Dodoma
18 Juni 2024

Dada Mwamvua,

Shikamoo.

Harusi imepita salama. Emiliana alipendeza, bwana harusi alitoka jasho, mvua haikunyesha kama kawaida yake, ng'ombe alikuwa mgumu lakini tulimshinda. Mke wangu Hana alikuwa na kazi nyingi upande wa ndani, hatukuonana mpaka jioni.

Kuna kajambo kadogo, nakutajia tu usije ukakasikia kamekua njiani. Mwali alipotolewa nje, mama mkwe na akina mama wenzake waliimba mbele ya watu wote, kama ilivyo desturi. Ule wimbo wa jiwe la kusagia. Sisi wanaume tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki, tunasikia habari za kusaga mtama, tunapiga makofi kwa heshima. Basi katikati ya wimbo mimi nikacheka. Si sana, ila unajua kicheko changu, hakina sauti ya chini.

Nilimcheka Nikodemo. Alikuwa amevaa kofia moja kubwa ya kijani, sijui kaitoa wapi, imemshuka mpaka kwenye masikio, na katika kupiga makofi ikamzunguka kichwani, mbele ikawa nyuma. Mtu yeyote angecheka. Hata padri angecheka, sema padri alikuwa ameshaondoka. Ile kofia, dada! Ya kijani kabisa.

Mama mkwe alishusha ngoma, wakaendelea na wimbo mwingine. Nadhani alichoka, umri nao.

Ni hayo tu. Wiki inaendelea vizuri, wageni wanapenda mlenda.

Mdogo wako,
Lameck

*

Kondoa
27 Juni 2024

Ndugu yangu Lameck,

Kajambo kako si kadogo.

Nimepigiwa simu na akina mama watatu wa Kibaigwa, na mwisho na Bibi Anyesi mwenyewe. Wanasema ulicheka kwenye mstari mmoja, mstari uleule ambao wao huwa wanacheka wakiwa peke yao, kwa sababu maana yake wanaijua waliofundwa tu. Wanaume wote walikuwa wametulia kama wako kanisani, wewe ukacheka. Bibi akaishusha ngoma. Hakuchoka, Lameck. Aliona aibu. Aliniambia, "Nilihisi kama nimetoka bafuni nikakuta mkwe wangu ameshika taulo."

Unaelewa wanamfikiria nani? Hana. Ni yeye tu aliye Jikoni na anayelala na mwanamume aliyecheka. Bibi anaamini binti yake alikutafsiria nyimbo chumbani. Alisema, na maneno haya yameniuma, "Nilizaa binti, kumbe nilizaa dirisha." Hapokei simu ya Hana tena. Wenzake Hana wamemtoa kwenye kundi lao la kusaidiana. Zile nyimbo zilizobaki amesema atakwenda nazo, na hizi tulizonazo anataka zifutwe.

Nimekutetea. Nimesimama na ile kofia ya Nikodemo kama mwanasheria. Nikawaambia Lameck ni mtu mwenye haya, yuko nje ya mlango, mimi mwenyewe niliapa. Bibi akanijibu, "Kama si mlango, basi ni Hana." Kwa hiyo kadiri ninavyokusafisha wewe, ndivyo ninavyomchafua mkeo. Sijui nishike wapi.

Usifute chochote kwanza. Nisaidie kufikiri.

Mwamvua

*

Kikuyu, Dodoma
3 Julai 2024

Dada Mwamvua,

Shikamoo dada. Mimi Hana. Samahani kwa kukuandikia bila kukutaarifu, anwani nimeichukua kwenye bahasha zenu na kondakta nimemkamata mwenyewe.

Dada, sijamwambia mume wangu neno hata moja. Naapa mbele ya Mungu. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, najua kutunza siri za watoto wa watu, nitashindwaje za mama yangu? Jumapili nilipanda gari mpaka Kibaigwa. Mama alinikaribisha uani kama mgeni, akaniletea kiti. Kiti, dada! Mimi niliyezoea kukaa naye kwenye mkeka tunachambua mboga. Akaniuliza habari za Dodoma. Nikaondoka bila kunywa hata maji.

Nyumbani mume wangu amekuwa mpole mpaka naogopa. Anaosha vyombo. Juzi kaniletea soda na chipsi, kaniwekea mezani, katoka nje. Usiku nalia, yeye ananifunika shuka vizuri. Lakini hajaniuliza hata mara moja kwa nini nalia. Miaka yote hii, nikikohoa tu anauliza. Sasa nalia haulizi.

Nikuulize na jambo jingine. Mama mmoja ameniambia wewe unasema mume wangu alicheka kofia ya kaka Nikodemo. Kofia gani? Kaka Nikodemo alikuwa kichwa wazi siku nzima, alinyoa upara kwa ajili ya harusi, picha ninazo. Sijamuuliza mume wangu. Nimeogopa kumuuliza kwa sababu nikimuuliza atanijibu.

Nisaidie dada.

Hana, Mama Penina

*

Kondoa
8 Julai 2024

Lameck,

Kofia gani?

Mwamvua

*

Kikuyu, Dodoma
10 Julai 2024

Dada Mwamvua,

Hakukuwa na kofia.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nilianza na utani kuhusu kitambi, nikachana. Nikaanza na baridi, nikachana. Mtu akishazoea kuwachekesha watu, siku akitaka kusema kweli mdomo unamwendea kule kule.

Bwana Jaribio alipofukuzwa mlangoni nilijua mlango umefungwa. Lakini fundi lazima ahakikishe pia kwamba vitu viko ndani na havijaharibika. Msimamizi wa wiki anaona kurasa zote, Jikoni na sebuleni. Ndivyo mtambo ulivyo, na ndilo nililokuficha nilipokuandikia kwamba hakuna mwanamume atakayeona. Nilijihesabu kama bawaba, nikasahau kwamba bawaba ina masikio. Basi nikafungua ukurasa mmoja, nikabonyeza sauti, nisikie kama inalia. Mara hiyo ilikuwa kazi, na ingeishia hapo ningekuwa mtu safi.

Dada, nikamsikia akicheka.

Nimemwoa Hana zaidi ya miaka ishirini. Muda wote huo mama yake hajawahi kunisemesha ila kupitia kwa mtu. "Hana, mwambie Baba Penina chakula kiko tayari," na mimi nimekaa hatua mbili kutoka alipo. Namheshimu, naye ananiheshimu, na heshima yenyewe ni hiyo, tusionane vizuri. Nilikuwa namjua kama kitenge kinachokatiza uani. Kumbe ni mtu wa mizaha! Anavyokueleza wewe ule mstari, anavyoiga sauti ya bwana mdogo asiyejua jiwe linashikwaje, anavyokatishwa na kicheko chake mwenyewe... Sitayaandika maneno, usiogope. Nilicheka mpaka machozi. Na ilipokwisha nikabonyeza tena.

Kesho yake nikafungua wimbo wa pili. Hapo hapakuwa na kazi. Nilifunga mlango wa ofisi, ndipo nikajua ninachofanya ni kosa, kwa sababu mlango ule huwa siufungi. Nikasikiliza zote. Nikasoma na maelezo.

Pale harusini alipofika kwenye ule mstari, sikumcheka yeye. Nilicheka naye, kama mtu anavyocheka na mwenzake wanayeelewana. Kilinitoka kabla sijakumbuka kwamba mimi si mwenzake. Alinitazama, dada. Mara ya kwanza mama mkwe ananitazama usoni, na ikawa kwa namna ile.

Kofia niliitunga njiani tukirudi. Nilifikiri itanifunika mimi. Kumbe ilimwacha Hana wazi. Naye akilia nilikuwa naosha vyombo, maana vyombo havikuulizi kitu.

Wewe uliapa kwa ajili yangu.

Lameck

*

Kondoa
21 Julai 2024

Lameck,

Niliisoma barua yako nikaiweka chini ya mto, na siku kadhaa sikuwa na uso wa kumpigia mtu yeyote. Ulichokosea wewe ni kusikiliza. Mimi nilimwapia mzee kitu nisichokijua, kwa sababu tu nakumbuka suruali yako ya tetroni. Sikukuuliza swali aliloniuliza yeye. Ningekuuliza, "Lameck, wewe unaona?" ungejibu, nadhani. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kuonekana sijui kompyuta.

Nikapanda basi hadi Dodoma, nikaunganisha Kibaigwa. Mambo haya hayasemwi kwenye simu. Nilimkuta anapepeta. Nikaketi kwenye mkeka, nikamwambia yote, la kofia pia.

Nikamaliza. Kisha akasema, "Kwa hiyo Hana hakusema."

"Hakusema, mama."

Akaacha ungo. Akavuta kitenge akajifunika uso, akakaa hivyo muda mrefu mpaka kuku wakaanza kula zile alizopepeta. Nilidhani ni kwa sababu yako. Alipojifunua akasema, "Nilimpa mwanangu kiti." Akarudia. "Nilimpa kiti, Mwamvua."

Baadaye tulipokuwa tunakula akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na amenisikia nikicheka?"

Nikamwambia, "Amesema hakujua kama wewe ni mtu wa mizaha."

Alitafuna polepole. "Mpumbavu," akasema. Lakini nilimwona akizuia kitu mdomoni, na haikuwa ugali.

Haya ndiyo anayoyataka. Umwambie Hana mwenyewe, kwa kinywa chako, leo hii ukishasoma hapa, bila soda wala chipsi. Pili, ufunguo. Amesema, "Mlango wa jikoni haufungwi na mwanamume. Amfundishe mke wake, yeye atoke." Na atoke kabisa, Lameck. Usimwachie Hana ufunguo mmoja huku umebaki na mwingine mfukoni. Tatu, mbuzi jike. Utamleta mwenyewe, utamfunga nje ya ua, utaondoka bila kusalimia. Akina mama watamla. Wewe hutaonja.

Nyimbo zilizobaki hakuzitaja, nami sikuthubutu kuuliza.

Mwamvua

*

Kikuyu, Dodoma
1 Agosti 2024

Dada Mwamvua,

Shikamoo.

Nilimwambia Hana jioni ileile barua ilipofika. Alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto. Nikasema yote nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Hakuniangalia. Aliendelea kuweka vema, vema, mpaka akamaliza rundo, ndipo akasema, "Ulinifunika shuka."

Nikasema ndiyo.

"Ulijua ninalia nini, ukanifunika shuka."

Akaenda kulala chumbani kwa Penina. Sikumfuata, vyombo sikuviosha. Nilibaki nimekaa tu.

Siku ya nne akaniambia, "Haya, nifundishe huo mlango." Nikamfundisha. Namna ya kuingiza mtu kwenye fungu, namna ya kumtoa, namna ya kufanya ukurasa uonekane kwa hawa na usionekane kwa wale. Anashika haraka kuliko wanafunzi wangu wa chuo, na subira yake ni ndogo kuliko yao. Nikampa na nywila ya mtambo wenyewe, ile ambayo mwenye nayo anaweza kuingia hata kupitia dirishani. Akaniambia nitazame ukutani. Nikatazama ukuta, pale ilipotundikwa kalenda ya parokia, yeye akaibadilisha.

"Sasa jitoe usimamizi," akasema. Nikajitoa. "Fungua Jikoni tuone."

Nikabonyeza wimbo wa jiwe la kusagia. Yakatokea yale maneno yangu, kwa herufi kubwa nzuri nilizozichagua mwenyewe siku ile nikicheka: "Samahani baba, hapa si pako. Rudi sebuleni."

Hana aliyasoma kwa sauti, taratibu, kama anawasomea darasa la tatu. Nilitamani tangazo lile liwe limeandikwa na mtu mwingine.

Mbuzi nimepeleka. Nilimfunga kwenye nguzo ya nje. Nikasikia mlango wa ndani unafunguka, nikatembea bila kugeuka. Nikodemo alikuwa barabarani ananisubiri, kichwa wazi, upara unang'aa. "Shemeji," akanipigia kelele mbele ya madalali wa mahindi, "ile kofia yangu ya kijani umeiona?" Imefika mpaka huko, dada. Sasa sokoni Kibaigwa naitwa Kofia.

Lameck

*

Kondoa
20 Agosti 2024

Ndugu yangu Kofia,

Jiandae. Bibi Anyesi anakuja Kikuyu kwa Hana, Jumamosi. Nami nakuja, na kinasa sauti. Ameniambia nyimbo zote zilizobaki atazitolea hapo, karibu na mwenye ufunguo, azione zinavyofungiwa kwa macho yake.

Amesema pia ana wimbo mmoja ambao si wa zamani. Ameutunga mwezi huu akipepeta, na mwali yeyote atakayefundwa kuanzia sasa ataimbiwa. Nimeusikia kwenye simu, nikalazimika kukaa chini. Usiniulize unamhusu nani. Usiniulize chochote.

Dada yako,
Mwamvua

*

Kikuyu, Dodoma
27 Agosti 2024

Dada Mwamvua,

Shikamoo. Natumaini mlifika Kondoa salama. Najua ulikuwepo na hakuna ninachoweza kukusimulia, lakini wewe ulikuwa upande ule, mimi nilikuwa upande huu, basi nikuandikie ya huku.

Mama mkwe alipoingia nilitazama upande wa mifugo, ingawa hapa Kikuyu hatuna mifugo, nilitazama baiskeli ya Penina. Nilisikia akimwambia Hana, "Tandika mkeka." Si kiti. Nikasikia mkeka unakung'utwa, kisha mtu mmoja anavuta kamasi, sikujua ni mama au ni mwana. Mlango wa jikoni ukafungwa kwa ndani.

Nyumba yetu unaijua, jiko na sebule vinagawana ukuta mmoja, na fundi aliyeujenga alikuwa na haraka. Nilikaa kwenye kochi. Mkaimba. Nyimbo za mwanzo zilikuwa za taratibu, nikajisomea gazeti la wiki iliyopita. Kisha mkaanza ule mwingine. Nilijua ni ule, kwa sababu Hana alipiga yowe kwenye mstari wa kwanza, na wewe, dada, mama uliyehiji, nilikusikia ukigonga sufuria kwa kucheka. Halafu nikasikia kicheko cha mama mkwe, chenyewe, si cha kwenye mashine, kile kinachomkatisha maneno. Nimekitamani miezi hii yote, na aibu yangu haijanizuia kukitamani.

Penina alipita akaniona nimeinua kichwa. "Baba, unasikia wanaimba nini?"

"Sisikii," nikamwambia. Ilikuwa bado si kweli. Maneno yalikuwa yanaanza kupenya, nilishapata mawili, na la tatu nadhani lilikuwa kofia.

Nikanyanyuka nikaongeza sauti ya redio, mpaka mwisho. Walikuwa wanasoma bei za mahindi. Nikarudi kukaa, nikasikiliza bei za mikoa yote.

Mdogo wako,
Lameck